Kadi ya grafiki ya kupimia mikakati ya foreksi: ipi ununue ukiwa Amu (Lamu)

Kabla hujatuma pesa Mombasa, angalia kwanza programu unayopimia mkakati wako. Wengi wetu tunatumia MetaTrader 5, programu ya biashara ya foreksi (fedha za kigeni), na kipimaji chake huujaribu mkakati kwa bei za zamani kwenye kori, yaani viini vya hesabu, za prosesa. Utachomeka kadi mpya, feni zitazunguka, na kazi itakwenda mwendo ule ule wa jana. Kadi huingia kazini pale tu roboti yako, yaani programu inayofanya biashara yenyewe, imeandikiwa msimbo wa OpenCL (njia ya kupeleka hesabu kwenye kadi za kampuni mbalimbali), au umehamia lugha ya Python na CUDA (njia kama hiyo ya kadi za Nvidia pekee). Hujafika huko? Nunua prosesa ya kori nyingi.

Aliyefika, hesabu ni hii. Tuseme mkakati unalinganisha wastani mbili za bei: wa haraka wa vipindi 5 hadi 50, wa polepole wa 60 hadi 200, na viwango 10 vya kukata hasara: michanganyiko 64,860. Kori moja ikitumia nusu sekunde kwa kila mmoja, ni muda wa saa tisa. Kwa vile hakuna mchanganyiko unaosubiri mwingine, maelfu ya kori ndogo za GPU (prosesa iliyo ndani ya kadi ya grafiki) huigawana kazi hiyo vizuri sana.

Kinachokwamisha ni memori. Bei za dakika moja moja za miaka 10 hazifiki hata megabaiti 100. Lakini ukihifadhi ishara za kununua na kuuza, moja kwa kila dakika, za michanganyiko 1,000 kwa mpigo, kila moja baiti nne, unakaribia gigabaiti 15. Ukigawa mafungu ya 500 ni kama 7.5, na hapo kadi ya 8 inabanwa huku ya 12 ikipumua.

Namba moja kwangu ni ya bure: Google Colab, huduma ya kuendesha msimbo wa Python kwenye kompyuta za Google mtandaoni. Ikipatikana nafasi unapewa kadi ya Tesla T4 ya gigabaiti 16, na stima ni juu yao. Andika msimbo wako huko kwanza. Wengi wataishia hapo, na si aibu.

Ya pili, kadi ya Nvidia RTX 3060 ya gigabaiti 12, ya mtumba. Wati 170, kori 3,584. Soma kibandiko, maana kuna 3060 ya gigabaiti 8 na wauzaji hawaitofautishi. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizokesha zikiichimba ziliingia sokoni. Yangu ni mojawapo. Tulipoifungua na fundi, krimu ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama chokaa na feni moja ikikwaruza. Muuzaji alikuwa ameniapia ilichezewa gemu za mpira tu. Tulipaka krimu mpya, tukabadilisha feni, ikapona. Lakini bei ile sikuokoa kitu.

Ya tatu, RTX 4060: wati 115 tu, kwa nyumba ya mawe isiyo na eeisii (kiyoyozi) ni neema. Ila memori ni gigabaiti 8, utagawa mafungu madogo zaidi.

RTX 3090 naiweka mwisho, ingawa ina gigabaiti 24. Inakula wati 350. Usiku mmoja wa kazi ya muda wa saa kumi ni yuniti 3.5 za tokeni kwa kadi peke yake, na chumba kinakuwa tanuri. Kadi za AMD zinafanya OpenCL, CUDA hazina.

Kadi hizi zote za michezo ni nzito kwenye namba za double (desimali za baiti nane), RTX hizi zinashuka hadi sehemu moja ya 64 ya kasi yake. Tumia float (desimali za baiti nne). Na katika majaribio 64,860 lazima mengine yashinde kwa bahati, basi fungia bei za miaka miwili ya mwisho usiziguse mpaka umechagua, ndipo uujaribu mkakati wako juu yake.

Ukinunua, mwambie muuzaji aiendeshe nusu saa mbele yako kwa video. Kisha ifungwe kwa nailoni mbili, na gatini Mokowe, upande wa bara, uipokee mwenyewe: ikae mapajani, si chini ya boti penye maji ya chumvi.