Vichupa vitatu vya dawa ya macho baada ya upasuaji wa retina: uzoefu wangu

Retina ya jicho langu la kushoto, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iliachia mwaka jana. Nilipasuliwa Dar es Salaam, nikawekewa gesi ndani ya jicho ya kuishikilia retina mahali pake, nikaruhusiwa na vichupa vitatu: antibiotiki, prednisoloni (steroidi ya kupunguza uvimbe na wekundu) na atropini (ya kutanua mboni). Nikafikia kwa dada yangu Temeke, maana kwetu ni Lushoto, na mwenye gesi jichoni hapandi ndege wala milima. Ukienda juu gesi hutanuka, na jicho halina pa kuipeleka.

Prednisoloni ilinisaidia sana, wekundu ulianza kupungua siku ya tatu. Ila ni dawa ya rangi ya maziwa inayotuama, lazima utikise kichupa. Siku mbili za mwanzo sikutikisa, hakuna aliyeniambia. Dada ndiye aliyesoma karatasi ya ndani ya boksi. Tone moja linatosha. Kisha unafumba jicho na kubana kona yake ya upande wa pua kwa dakika moja au mbili, la sivyo uchungu wote unashukia kooni. Kati ya dawa na dawa nilisubiri dakika 5. Daktari alinipunguzia idadi ya matone ya prednisoloni wiki kwa wiki, akanikataza kuiacha ghafla.

Atropini inatuliza maumivu, lakini mboni inabaki wazi. Jua la Dar lilikuwa linanichoma, na meseji za simu nilikuwa nasomewa.

Sasa ninalotaka mlishike. Usiku wa tano kichwa kiliniuma upande wa kushoto, jicho likawa zito kama limejazwa jiwe, nikatapika mara mbili. Nikadhani ni shingo, kwa sababu ya kulala kifudifudi nilivyoagizwa, ili gesi iikandamize retina. Nikameza panadol nikasubiri kuche. Nilikosea kusubiri. Asubuhi walipopima presha ya jicho ilikuwa 42, wakati ya kawaida haizidi 21. Gesi inaweza kuipandisha, na dawa za jamii ya prednisoloni pia. Nikaongezewa dawa za kushusha presha hiyo, timololi ya matone na vidonge vya asetazolamidi, vilivyonitia ganzi vidoleni, na jioni ile nikapumua.

Karatasi niliyopewa wakati wa kuruhusiwa iliandika saa za dawa tu. Ilipaswa kuandika pia: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kutapika, usaha, uoni unaofifia kuliko jana, vimweko vipya vya mwanga au kivuli kama pazia mbele ya jicho, usingoje kliniki ya wiki ijayo, nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Gesi nilikuwa naiona kama maji kwenye glasi, mstari wake ukishuka kila siku, mwisho ikabaki duara dogo chini kabisa. Wiki ya tatu likapotea. Daktari akalihakiki jicho kwa mashine yake, kesho yake nikapanda basi la Lushoto.