NASCAR au langalanga: mbio zipi zinamfaa mtazamaji?

Anayedai kwamba mbio za magari za NASCAR za Marekani ni kuzunguka tu kwa kukata kushoto hajafikiria jukwaa la uwanja wa mbio wa Daytona, ambako mtazamaji huona karibu njia yote ya kilomita 4, na kona zimeinuliwa kwa nyuzi 31 ili magari yapite kwa kasi kubwa. Kule Monaco, mtazamaji wa langalanga (Formula 1) huona kipande kimoja cha barabara, kisha husubiri.

Kwa ushindani wa karibu naichagua NASCAR bila kusita: gari la nyuma hunufaika na upepo uliokatwa na lililotangulia, hivyo msafara hubanana. Mwaka 2024, huko Kansas, Kyle Larson alimshinda Chris Buescher kwa sekunde 0.001.

Kwa uhandisi langalanga inatangulia, kwa kuwa kila timu husanifu gari lake, ilhali NASCAR tangu 2022 hutumia vipuri vingi vinavyofanana. Mvua nayo husimamisha mbio za njia kubwa za duaradufu, lakini langalanga mara nyingi huendelea. Mpenzi wa kona za kila namna ataridhika huko. Anayetaka kuona magari yakipitana mara kwa mara aelekee Daytona.