Uzoefu wangu: kutafuta nyaraka za programu za nyongeza katika OpenBSD

Sifa ya OpenBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, kwa upande wa nyaraka ni ya siku nyingi, na sina sababu ya kuipunguza: mradi huu, ulioanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995, huhesabu kosa katika ukurasa wa mwongozo kuwa hitilafu inayostahili kurekebishwa kama hitilafu nyingine yoyote. Hata hivyo, wanaousifu aghalabu huwa wanauzungumzia mfumo wa msingi peke yake, yaani zile programu zinazokuja na OpenBSD yenyewe. Mimi naitumia OpenBSD kwenye seva ndogo ya ofisi inayoendesha PostgreSQL, programu ya hifadhidata ambayo haimo katika mfumo wa msingi. Ni programu ya nyongeza inayoletwa kwa amri ya `pkg_add`, na faili zake nyingi huwekwa chini ya `/usr/local`. Huko ndiko nilikotaka kujua kama sifa hiyo inafika.

Kwa maoni yangu inafika, ila kwa njia ambayo mgeni hawezi kuikisia. Waundaji wa PostgreSQL wana nyaraka nzuri sana, lakini hawawezi kukueleza kila mfumo endeshi umeipangia programu yao makazi gani. Makala nyingi za intaneti nazo huandikwa kwa ajili ya Linux, zikikuelekeza kutumia `systemctl`, ilhali hapa huduma huwashwa kwa `rcctl`. Pengo hilo limezibwa na faili fupi za maandishi matupu zilizo katika `/usr/local/share/doc/pkg-readmes`, ambazo huandaliwa na watu walewale wanaotengeneza vifurushi vya mfumo huu, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa. Ile ya `postgresql-server` inakwambia kuwa huduma inaendeshwa na akaunti iitwayo `_postgresql`, kwamba data hukaa katika `/var/postgresql/data`, amri ya `initdb`, inayoandaa hifadhidata mpya, iandikwe vipi, na ni thamani zipi za `kern.seminfo`, mipaka ya kiini cha mfumo, zinazofaa kuongezwa iwapo miunganisho itakuwa mingi. Sijaona mahali pengine ambapo mambo hayo yote yamekusanywa kwa mtumiaji wa OpenBSD, na zaidi ya hapo yanasomeka hata mtandao ukiwa umekatika.

`pkg_add` yenyewe hutaja faili hiyo inapomaliza kazi, pamoja na hati ya kuwashia huduma iliyowekwa katika `/etc/rc.d`. Ukiweka vifurushi vingi kwa mpigo, ujumbe huo hupotea kwa urahisi katikati ya mistari mingine, kwa hiyo ni vyema kuizoea amri ya `pkg_info -L`, inayoorodhesha kila faili iliyoletwa na kifurushi, na `pkg_info -M`, inayorudia ujumbe wa usakinishaji iwapo upo. Sampuli za mipangilio hutafutwa katika `/usr/local/share/examples`. Vifurushi vingi havina maelezo ya ziada kabisa, na mara nyingi hilo ni dalili njema, kwa kuwa programu isiyohitaji matayarisho ya pekee haina cha kuelezewa zaidi ya mwongozo wake wa kawaida.

Udhaifu ninaouona uko kwenye utafutaji. Katika mfumo wa msingi, `apropos`, amri ya kutafuta kurasa za mwongozo, ni chombo cha ajabu: unaweza kuuliza ni kurasa zipi zinazotaja kigezo fulani cha mazingira nayo ikakujibu, kwa sababu kurasa hizo zimeandikwa kwa alama zinazobeba maana. Kurasa za programu za nyongeza nazo huingia katika faharasa, lakini nyingi, zikiwamo za PostgreSQL, zimeandikwa kwa mtindo wa zamani wa alama za mwonekano tu, hivyo kinachopatikana ni jina na maelezo ya mstari mmoja. Zile faili za `pkg-readmes` hazimo kabisa, kwa kuwa si kurasa za mwongozo. Hazina budi kutafutwa kwa `grep`, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili. Nyaraka kamili za PostgreSQL nazo ziko katika kifurushi cha peke yake, `postgresql-docs`, ambacho lazima ukijue na kukiomba kwa jina. Na yote haya, bila shaka, ni ya Kiingereza.

Ningeupa mpangilio huu alama nne kati ya tano, na sehemu kubwa ya alama hizo inatokana na maelezo ya kuhama toleo. OpenBSD hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita, na kwa kuwa PostgreSQL hutoa toleo kubwa kila mwaka, kuna siku `pkg_add -u`, amri ya kusasisha vifurushi, italeta seva inayokataa kufungua data iliyoandikwa na toleo lililotangulia. Faili ileile inaeleza njia mbili za kuvuka: kutoa nakala nzima kwa `pg_dumpall` na kuirejesha baadaye, au kutumia kifurushi cha `postgresql-pg_upgrade`. Njia ya kwanza hutegemea nakala iliyotolewa kabla ya kusasisha, kwa hiyo sehemu hiyo isomwe wakati seva ya zamani ingali inafanya kazi.