Wino wa kuchapia kitambaa kinachooza: upi ununue kwanza

Ukitafuta printa ya kuchapa pamba, kitani au viskosi (nyuzi zinazotokana na miti), muuzaji atakusifia kasi na idadi ya rangi. Muulize jambo lingine: wino ukishaiva, yaani ukishashika kwa joto, mvuke au mwanga, kitambaani hubaki nini? Pamba huoza ardhini, lakini utando wa plastiki uliogandia juu yake hauozi nayo.

Namba moja ni wino wa riaktivu. Rangi huungana na nyuzi zenyewe kikemikali, hivyo ukipitisha kidole juu ya ua lililochapwa, huwezi kuhisi lilipoanzia. Kazi yake ni nyingi, sikufichi. Kitambaa hutayarishwa kwa magadi, urea na gundi ya mwani, huchapwa, hupigwa mvuke wa nyuzijoto kama 102 kwa takriban dakika 10, kisha husuuzwa hadi maji yatoke meupe. Kama huna mashine ya mvuke wala mahali pa kusafishia maji ya rangi, uache.

Pili ni pigmenti ya maji, yaani chembe za rangi zisizoyeyuka zilizochanganywa na maji, na wanunuzi wengi wataishia hapa. Huivishwa kwa joto kavu la nyuzijoto 150 hadi 160, dakika chache tu, bila kufua. Chembe zake hushikiliwa na gundi ya akriliki au poliuretani. Tabaka ni jembamba, lakini lipo. Usiibe dakika: maji hukauka mapema, gundi ikiwa bado mbichi. Sugua chapa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikishika rangi, rudisha kwenye joto. Wino mweupe nao ni mtihani wa peke yake, maana chembe zake nzito hutuama na kuziba matundu ya kichwa cha printa isiyotumika kila siku.

Wino wa asidi ni wa tatu kwa sababu tu unafaa hariri na sufu, si pamba. Kwa mchapaji wa skafu za hariri, ndio wa kwanza.

Mkiani naweka wino wa UV, unaogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Taa huugandisha papo hapo, lakini kinachoganda ni plastiki, na kitambaa hukakamaa. Wa usablimishaji, ambao joto huugeuza mvuke ukaingia kwenye nyuzi, haumo kabisa: unataka poliesta, ambayo ni plastiki.

Vitambaa vya PLA, plastiki itokanayo na mimea, vina tahadhari yake. Huanza kulainika karibu na nyuzijoto 60, kwa hiyo joto la pigmenti laweza kuvikunyata. Kabla ya kulipa, mpe muuzaji kipande cha kitambaa chako akichape na kukiivisha ukiona, kisha kafue.