Dizeli ya bei ya juu iliyonizimia gari mlimani na mama yangu ndani

Chupa iko hapa mezani. Juu dizeli, chini maji, na katikati utando wa kahawia unaovutika kama kamasi. Hiyo ndiyo dizeli ya primiamu niliyowekewa kwenye kituo cha kampuni kubwa yenye jina, pampu ya bei ya juu kuliko zote pale. Pampu hiyo nimeipangia foleni miaka nenda miaka rudi. Nimewashawishi hata ndugu zangu wawili waachane na dizeli ya supamaketi, ile ya bei ya chini inayouzwa kwenye vituo vya maduka hayo makubwa, wahamie huko. Sitasubiri hasira zipoe ndipo niandike.

Ilikuwa jioni, siku chache baada ya mvua kubwa. Nilikuwa namrudisha mama nyumbani kutoka kufanyiwa upasuaji wa jicho. Amefungwa bandeji, ameambiwa asiiname, asijikaze, atulie. Nikapita kujaza tangi full, tukaondoka. Hatukufika mbali. Tulipoanza kupanda mlima gari likaanza kukohoa. Nakanyaga mafuta, haliitikii. Ikawaka taa ya njano ya filta ya dizeli, ikafuata taa ya injini, halafu likazima palepale katikati ya mlima, malori yanatupita kwa honi. Nikapiga stata. Likashika, likatetemeka lote, likatoa moshi mweupe nyuma, likazima tena. Nikapiga tena na tena. Mama, asiyeona kinachoendelea, akawa ananishika bega kutoka kiti cha nyuma: "Mwanangu, tumegongwa?"

Hilo swali silisahau.

Nisimamishe hadithi hapa kidogo kwa faida ya mwingine. Ikiwaka ile taa ya maji kwenye filta na gari likaanza kukosa nguvu mara tu baada ya kujaza, zima. Usipige stata kama nilivyofanya mimi. Kila ukipiga unayavuta maji kutoka kwenye filta kwenda kwenye pampu ya presha, na pampu ile haina oili yake. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Maji hayalainishi kitu. Kwenye injini za siku hizi presha inaweza kupita bar 2,000, na dizeli inatokea kwenye vitundu vya nozeli vyembamba kama unywele. Chuma kinasuguana na chuma, mwisho wake ni kutu na mikwaruzo. Nililijua hili nikiwa nimeshachelewa.

Gari likavutwa hadi gereji. Fundi wangu ni mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, na ndiye anayelihudumia gari hili tangu nilinunue. Akalala chini, akakinga chupa ya glasi, akalegeza skrubu ya chini ya filta. "Njoo uone mwenyewe, mwanangu." Hakikutoka hata tone la dizeli mwanzoni. Yalitoka maji. Yakaendelea kutoka hadi chupa ikafika karibu nusu, ndipo dizeli ikaanza kuingia na kupanda juu yake, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Ule utando wa katikati akaniambia ni vijidudu, aina ya bakteria na kuvu wanaoota pale dizeli na maji yanapokutana. Maana yake maji yale hayakuingia jana kwenye tangi la kituo. Yamekaa. Yameachwa yakae mpaka yakaota uchafu, na watu wanauziwa.

Nikabeba chupa na risiti, nikaenda kituoni asubuhi yake.

Kijana wa pampu alikuwa na adabu zake, akanipeleka ofisini kwa msimamizi. Msimamizi hakuinuka. Hakuitazama hata chupa. Aliniangalia mimi juu hadi chini, akasema, "Dada, gari ni la nani?" Nikamwambia ni langu. "Mlete mwenye gari tuongee naye, haya ni mambo ya kiufundi." Nikarudia, mwenye gari ni mimi, dizeli niliijaza mimi, risiti hii hapa, na gari lilizima mimi nikiwa kwenye usukani. Akajibu kwamba mafuta yao ni ya kiwango cha kimataifa, kwamba sisi tunaendesha magari yaliyochoka halafu tunatafuta pa kutupia lawama, na kwamba chupa yoyote mtu anaweza kuijaza maji ya bomba.

Nikamwomba jambo moja tu: adipu tangi mbele yangu. Fundi alikuwa ameshanieleza. Unachukua fimbo ya kupimia, unapaka ncha yake dawa maalumu inayobadilika rangi ikigusa maji, unaishusha hadi chini ya tangi, unaivuta. Rangi ikibadilika unaona kabisa maji yamefika wapi. Ni kazi ya dakika chache, na kituo kinachojiheshimu hakikosi dawa hiyo. Akasema hawezi kusimamisha biashara kwa ajili ya mteja mmoja. Nikamuuliza, mara ya mwisho mlidipu lini? Akachukua simu yake akaanza kupiga mtu mwingine, mimi nimesimama mbele yake na chupa mkononi.

Nilitoka pale nimeamua kwamba primiamu ni wizi mtupu. Niliwaambia ndugu zangu hivyohivyo: rudini supamaketi, hao wenye majina wanatuuzia rangi ya pampu. Na kama ningeandika jioni ile, uzoefu wangu ungeishia hapo.

Lakini gari lilikaa gereji zaidi ya wiki, na mambo mawili yakanichanganya.

La kwanza, nilipoanza kuuliza dizeli hizi zinatofautiana wapi, niligundua kwamba kwa sehemu kubwa zinatoka ghala moja. Lori la supamaketi na lori la kampuni yenye jina yanaweza kupakia kwenye bohari moja, dizeli ya msingi ileile, na tofauti ikawa ni dawa zinazochanganywa wakati wa kupakia: za kusafisha nozeli, za kuzuia kutu, za kupandisha setani, yaani kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka, ili mafuta yawahi kuwaka. Na hata ile ya bei ya chini haiuzwi ovyo. Kiwango cha Ulaya, EN 590, hakijali jina la muuzaji: setani isipungue 51, salfa isizidi miligramu 10 kwa kilo, vilainishi vitoshe ili pampu isisagike. Supamaketi iko ndani ya mstari huo kama wengine. Kwa hiyo maji yangu hayakutoka kwenye dizeli ya primiamu kama dizeli. Yalitoka kwenye shimo la kituo kile, kwa mfuniko usioziba vizuri, mvua ikaingia, maji yakatuama chini, yakapanda taratibu hadi yakafika kwenye bomba la kuvuta. Yangeweza kunipata supamaketi vilevile.

La pili ndilo lililoniuma zaidi. Fundi alipofungua nozeli aliniita tena. Zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa. Akachukua moja akanionyesha sindano ya ndani: ina vidoa vya kutu na mkwaruzo mrefu unaoukwaruza ukucha. Hayo ni maji. Halafu akaigeuza akanionyesha ncha, pale inapoingia kwenye chumba cha moto. Safi. Akaleta nozeli ya gari lingine lililokuwa pale gereji, limetembea kidogo kuliko langu, ncha yake imevaa ukoko mweusi wa masizi hadi vitundu huvioni. Akaniuliza, "Hii yako ulikuwa unaiwekea nini miaka yote?" Sikutaka kumjibu. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zimenyooka, na sasa naambiwa kitu nilichokuwa nalipia kilikuwa kinafanya kazi yake.

Gari moja kwa gari moja si ushahidi wa kumfunga mtu, najua. Huenda huyo mwenzangu anaendesha safari fupifupi, na hiyo nayo inaziba injini ya dizeli kwa njia nyingi. Ile filta ya masizi kwenye ekzosi, kwa mfano, inahitaji joto la safari ndefu ili ichome masizi yake. Ukizunguka dakika kumi kumi kila siku itaziba hata ukiweka dizeli ya bei ya juu kuliko zote duniani, na anayekwambia primiamu inafuta tatizo hilo anakudanganya. Lakini ncha zile nimeziona kwa macho yangu. Siwezi kusema sikuona.

Nozeli mbili hazikupona, zikabadilishwa. Tangi likashushwa likaoshwa, filta mpya, mabomba yakasukumwa dizeli safi. Pampu ya presha ilinusurika, na kwa hilo namshukuru Mungu na namshukuru fundi. Gharama yote nimebeba mimi. Kituo hakijarudisha hata pesa ya tangi lile moja.

Tangu hapo nimejaza supamaketi kwa miezi kadhaa. Niseme ukweli wote? Gari linatembea. Matumizi sijaona yamepanda wala kushuka kwa kiasi cha kulalamikia. Moshi hamna. Na kituo cha supamaketi kina faida ambayo sikuwahi kuifikiria: magari ni mengi kutwa, dizeli haikai tangini muda mrefu. Lakini asubuhi injini ikiwa baridi inagonga zaidi kuliko zamani. Kile kishindo cha kuwaka, ka-ka-ka-ka, kinakaa muda mrefu kabla ya kutulia. Nilidhani ni nozeli mpya. Fundi anasema setani ikiwa ya kawaida mafuta yanachelewa kidogo kuwaka, ndiyo sauti ninayoisikia, na haina madhara. Hainiumizi gari. Inaniumiza sikio, kwa sababu kila asubuhi inanikumbusha jinsi lilivyokuwa laini.

Na nikikumbuka hivyo namkumbuka yule msimamizi, moto unaniwaka upya. Angesema tu, "Pole dada, ngoja tudipu." Maneno manne. Maji yanaweza kuingia kwenye tangi la yeyote, mvua ilikuwa kubwa, ningeelewa. Yeye aliona mwanamke mwenye chupa, akaomba aletewe mwenye gari. Sasa hivi kuna watu wangapi wameendelea kujaza pale? Kuna nani mwingine amezimika mlimani na mgonjwa nyuma?

Basi nimefika hapa nilipo. Dizeli ya primiamu kama kitu, sitaitukana tena. Nadhani ilizitunza nozeli zangu, na kwa mtu anayekaa na gari lake muda mrefu naona ina maana kuiweka. Supamaketi nayo sitaidharau tena kama nilivyokuwa naidharau mbele za watu. Kituo kile sitakikanyaga hata wakinijazia bure.

Siku hizi nikifika kituo nisichokijua nauliza kwanza: mmedipu maji lini? Nikikuta lori linashusha mafuta napita moja kwa moja, kwa sababu linapomimina linatibua kila kilichotulia chini. Wengi wanaponiuliza "kwani vipi, mama?" naondoka. Wiki chache zilizopita nilimuuliza binti mmoja kwenye kituo kingine chenye bango la kampuni ileile. Hakuniuliza gari la nani. Alichukua daftari akanionyesha vipimo vya asubuhi ile, halafu akasema, "Subiri nikuonyeshe," akafungua mfuniko, akapaka dawa, akashusha fimbo, akaivuta juu akaniletea karibu na uso. Dawa ilikuwa na rangi yake ileile hadi ncha. Nikajaza primiamu, tangi full.

Asubuhi yake injini iliwaka kimya. Mama alipopanda hakusalimia kwanza. Aliuliza tumejaza wapi.