Wasifu wa kazini wa Android: mzuri kwa simu yako, ila soma unachokubali

Ofisi ikitaka usome barua pepe na mafaili yake kwenye simu uliyojinunulia, omba wakuwekee wasifu wa kazini, yaani sehemu iliyotengwa ndani ya simu kwa programu na data za ofisi. Upo ndani ya Android tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, na mwenye simu halipii kitu.

Kwa ofisi zinazotumia Microsoft Intune, mfumo wa kusimamia simu za wafanyakazi, unapakua programu yake ya Company Portal kutoka Play Store, unaingia kwa akaunti ya kazi na kufuata maelekezo. Programu za kazini zinatokea zikiwa na alama ya mkoba, na hifadhi yake ni ya peke yake. Mtu wa TEHAMA anaweza kuzuia usinakili maandishi ya kazini kwenda upande wako, na ukiacha kazi anafuta upande wa ofisi tu. Picha zako, meseji za M-Pesa na programu ulizoweka mwenyewe hazioni.

Kinachoupa alama za juu ni swichi ya kusimamisha programu za kazini. Ukiizima jioni, arifa zinakoma na programu hizo haziendelei kula bando wala chaji mpaka uiwashe tena. Kila mwajiriwa anastahili swichi hii.

Sasa hatari. Ukiambiwa ufute simu yote, kisha uguse skrini ya kwanza mara sita na kuskani msimbo wa QR, huo si wasifu wa kazini wa simu binafsi. Unaikabidhi simu kwa ofisi. Kataa. Vilevile, programu ya barua pepe ikiomba kuwa msimamizi wa kifaa na orodha ya ruhusa ina kufuta data yote, simu ikifutwa zinaondoka hata picha za watoto.

Udhaifu wake mkubwa huku kwetu ni WhatsApp. Mikataba na orodha za wateja zinazotumwa kwenye grupu la namba yako binafsi ziko nje ya wasifu, kwa hiyo ofisi hailindi chochote hapo. Dawa ni laini ya ofisi na WhatsApp Business iliyowekwa upande wenye mkoba.

Simu yenye RAM ya GB 2 itakwama, kwa sababu programu nyingi zinakuwa mbilimbili. Anzia GB 4. Picha uliyopiga kwa kamera ya upande wa kazini inafutika pamoja na wasifu, basi kama ni yako, ihamishe kabla ya kukabidhi ofisi.