Nguo ya mikono mirefu au losheni ya jua?

Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, maji ya bamvua hupwa kiasi cha saa nne hadi saa sita mchana, na hapo ndipo wakulima wa mwani wanapoingia kazini. Jua nalo ndilo saa zake za ukali.

Nguo ukishaivaa umemaliza. Kinga yake haioshwi na maji ya chumvi wala haikwishi kama chupa, na hutumika msimu baada ya msimu. Kinachotazamwa ni ufumaji: inua kitambaa juani, ukiona mwanga unapenya, basi na miale inapenya. Fulana nyeupe nyembamba ikirowa hukinga kidogo zaidi kuliko ikiwa kavu. Nzito ya rangi ya giza ni bora, ingawa joto lake si mchezo.

Losheni yenye SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua) huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, lakini ikipakwa ya kutosha, na irudiwe kila baada ya saa mbili au ukitoka majini. Watu wengi hupaka kiduchu. Kwa kazi ya kila siku, hiyo ni gharama.

Mimi nachagua nguo, na kofia pana ya ukili. Ila mchanga mweupe na maji hurudisha miale kutoka chini, kofia isikofika: hapo losheni iende usoni, shingoni na migongoni mwa viganja. Mwenye ualbino avitumie vyote viwili, bila kuchagua.